Uso Uliovimba Asubuhi

Dada mmoja wa kwaya yetu hapa Kirungu alifika kwangu alfajiri, kabla kengele ya sala haijapigwa, akiwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Alipokifunua niliona kope zake zimevimba hata macho yamekuwa kama mistari miwili. Akasema, "Baba Mwinjilisti, jioni huwa nimepona. Nikilala usiku, uso huvimba tena." Alikuwa na umri wa miaka 23, na mtoto mmoja mgongoni.

Yafaa niseme wazi jinsi nilivyomtendea, kwa maana wauguzi wenzangu wengi hutenda vivyo hivyo. Alikuwa na homa, na huku kwetu karibu na ziwa twaidhani kila homa kuwa malaria, basi nikampa dawa ya malaria. Juma la tatu alirudi, nikampa dawa ya minyoo. Mwezi wa pili alirudi akisema vidole vyake vyauma asubuhi hata hawezi kukamua nguo wala kushika mchi. Nikampa vidonge vya maumivu, vile vile ambavyo hapa chini nitawaambia msivinunue. Nywele zilikuwa zikimtoka mbele ya kichwa. Nikadhani ni dawa ya kulainisha nywele. Alikuwa na vidonda kinywani visivyouma. Nikampa maji ya chumvi asukutue. Na mashavuni mwake palikuwa na alama. Vitabu vyetu husema ni wekundu wenye umbo la kipepeo, unaopita juu ya pua kutoka shavu hili mpaka lile, lakini vitabu hivyo viliandikwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu wekundu ule huonekana mweusi-mweusi au zambarau, kama mahali palipoungua zamani. Kwa miezi minne nilimtazama usoni, wala sikuona.

Mkojo wake ndio ulionifumbua macho. Aliniambia kwamba wafanya povu jingi lisilozimika upesi, kama maji ya sabuni. Vile vikaratasi vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha katika zahanati, basi nikafanya kama walivyotufundisha wazee wetu: nikatia mkojo katika kichupa kirefu cha kioo, nikachemsha sehemu ya juu kwa taa ya spiriti. Mkojo wa mtu mwenye afya hubaki safi. Wa kwake ukawa mweupe, kama ute wa yai unapoingia katika mafuta ya moto. Nikadondosha matone ya siki, kwa kuwa kama ni chumvi tu lile wingu hutoweka. Halikutoweka.

Kila mama anajua chekeche la unga wa muhogo, basi na tuanzie hapo. Mungu amempa kila mtu mafigo mawili, nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, kila moja kama ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna machekeche madogo yapata milioni moja, yasiyoonekana kwa macho. Damu yako hupita humo tena na tena usiku na mchana. Kwa siku moja maji yapata lita 180 huchujwa, na karibu yote hurudishwa mwilini. Hubaki lita moja au mbili zenye uchafu, nao ndio mkojo.

Chekeche huharibika kwa njia mbili. Laweza kutoboka, na vitu vizuri vikapita vikaanguka chini pamoja na makapi. Tena laweza kuziba, na uchafu ukabaki juu, usipate pa kutokea. Figo lenye ugonjwa huanza mara nyingi kwa njia ya kwanza na kuishia kwa ya pili. Ule ute mweupe niliouona katika kichupa huitwa albumini. Kazi yake moja ni kuyashika maji yakae ndani ya mishipa ya damu. Ukimwagika katika mkojo, na chumvi ikikaa mwilini kupita kiasi, maji hutoka mishipani, hukaa penye nyama laini: kwenye kope asubuhi kwa sababu umelala, na miguuni jioni kwa sababu umesimama. Ndiyo maana dada yule alijiona amepona kila jioni. Maji yalikuwa yameshuka tu.

Sasa, ni nani aliyelitoboa chekeche? Katika damu yetu Mungu ameweka askari walinzi, ambao kazi yao ni kuwapiga wadudu wa magonjwa. Uko ugonjwa mmoja ambamo askari hao hukosa kumtambua adui, wakageuka kuwapiga wenyeji wa nyumba waliowekwa kuilinda. Hupiga viungo, ngozi, mapafu, damu yenyewe. Nao wakishikamana na mabaki ya chembe za mwili zilizokufa hufanya madonge madogo. Damu ikipita katika machekeche ya figo, madonge yale hukwama, na hapo vita huwaka. Ugonjwa huo huitwa lupusi. Kwa Kilatini neno hilo ni mbwa mwitu, kwa kuwa watu wa kale waliona vidonda vya uso kana kwamba mnyama ameguguna. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ngozi tu. Mwaka 1895 daktari William Osler alianza kuandika jinsi unavyoingia ndani, mpaka katika mafigo.

Katika kila wagonjwa kumi, tisa ni wanawake, na wengi wao wana umri wa kuzaa. Hauambukizi. Mume asihame kitanda, na wanakwaya wasiogope kunywa katika kikombe kimoja na mgonjwa. Tena si UKIMWI, ingawa nywele kutoka na mwili kukonda huwafanya watu wanong'one hivyo. Dada yetu alipimwa, hakuwa nao. Wala haukuletwa na jirani mwenye wivu. Familia yake ilikuwa imekwisha kutoa mbuzi wawili kwa mwaguzi kabla hajanijia mimi, na mwaguzi akamtaja shangazi yake. Shangazi huyo mpaka leo hasalimiwi na wengine katika ukoo. Wasomaji wa Biblia wakumbuke yale maswali ambayo wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nao wasome tena jibu lake katika Yohana sura ya 9.

Katika wenye lupusi, karibu nusu huingiwa katika mafigo, na sisi watu weusi zaidi ya wengine. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa maana figo halilii. Jino likioza utapiga kelele usiku kucha. Figo laweza kuungua mwaka mzima nawe unapika, unalima, unaimba sauti ya kwanza Jumapili.

Zamani madaktari waliyatazama vizuri mafigo ya wagonjwa hao baada ya kufa tu. Mwaka 1951, katika mji wa Copenhagen, Poul Iversen na Claus Brun walieleza jinsi ya kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano, mgonjwa akiwa hai. Kipande hicho ni chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Na mwaka 1957, huko Chicago, Robert Muehrcke, Robert Kark, Conrad Pirani na wenzao walitangaza habari za mafigo ya wagonjwa wa lupusi waliotolewa vipande kwa njia hiyo. Leo madaktari huyagawanya madhara hayo katika madaraja sita, kwa kanuni iliyotengenezwa upya mwaka 2003. Sitayaeleza yote. Daraja mbili za kwanza ni nyepesi. Ya tatu na ya nne ni kali, na katika ya nne nusu ya machekeche au zaidi yamo vitani. Ya tano humwaga ute mwingi sana. Na katika ya sita karibu yote yamekwisha kuwa makovu.

Neno hili la makovu ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote niliyoandika. Daktari anapotazama kipande kile katika hadubini hutafuta mambo mawili: moto na kovu. Moto ni vita vinavyoendelea, machekeche yamevimba na kujaa askari. Kovu ni mahali ambapo vita vimekwisha na chekeche limekufa, limekuwa gumu kama ngozi iliyoungua kwa uji wa moto. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza hesabu ya kupima mambo hayo, moto kuanzia 0 mpaka 24, na makovu kuanzia 0 mpaka 12. Wenye makovu mengi ndio ambao mafigo yao yalikufa mara nyingi zaidi baadaye. Moto waweza kuzimwa kwa dawa. Kovu hakuna dawa iliyopo iwezayo kuligeuza kuwa chekeche tena. Basi ile miezi minne niliyotumia kumpa dada yetu dawa za malaria na minyoo haikuwa miezi ya kungoja tu. Kila mwezi baadhi ya yale machekeche yalikuwa yakitoka upande wa moto na kuingia upande wa kovu, nami sijui ni mangapi.

Je, wagonjwa hawa huishia wapi? Mwaka 1955, Margaret Merrell na Lawrence Shulman wa Baltimore walihesabu wagonjwa wa lupusi wa hospitali yao, wakaona kwamba baada ya miaka minne karibu nusu walikuwa wamekufa. Siku hizi, mahali penye dawa na vipimo, zaidi ya 90 katika 100 wako hai baada ya miaka mitano. Lakini katika wale ambao mafigo yao yameingiwa, 10 mpaka 30 katika 100 huyapoteza mwishowe, na uhai wao hutegemea mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Mashine hizo ziko katika miji kama Lubumbashi na Kinshasa. Kutoka hapa ni mbali, na gharama yake ni ya matajiri.

Kwa nini sisi weusi huumia zaidi, hayajajulikana yote. Zamani ilidhaniwa kwamba Afrika hakuna lupusi. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan katika Nijeria, aliandika kwamba magonjwa ya namna hii ameyaona kwa uchache sana, akafikiri kwamba labda malaria na minyoo huwashughulisha wale askari wasipate nafasi ya kuwapiga wenyeji. Baadaye aliwajaribu panya, na malaria iliwalinda kweli. Hata hivyo kliniki zilipofunguliwa katika miji kama Nairobi, Lagos na Harare, wagonjwa walionekana. Nadhani wengi walikuwapo tangu mwanzo, wakizikwa kwa jina la malaria au la uchawi. Kuna na jambo lingine la ajabu. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watu wengine wenye asili ya Afrika, hasa ya magharibi, wamerithi badiliko katika damu linalowakinga na wadudu wa malale, ule ugonjwa wa usingizi uliowamaliza babu zetu wengi kando ya ziwa hili miaka ya mwanzo ya 1900. Lakini aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia, mafigo yake hufa upesi zaidi yakipatwa na ugonjwa. Na mwaka 2014 jambo hilo lilionekana katika Waamerika weusi wenye lupusi.

Dada yetu alishuka ziwani, akapanda mashua ya kwenda Kalemie, na kutoka huko akapelekwa mbali zaidi. Ile sindano ya figo hakuipata. Daktari aliamua kwa mkojo, kwa damu, kwa shinikizo la damu na kwa uso wake, akamwanzishia prednisoloni. Dawa hii ni ndugu ya ile kotizoni ambayo Philip Hench aliwapa wagonjwa wa viungo kwa mara ya kwanza mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Pamoja nayo hutolewa dawa nyingine ya kuwatuliza askari, kama siklofosfamidi au mikofenoleti au azathioprini, kwa maana mwaka 1986 ilithibitishwa huko Marekani kwamba siklofosfamidi pamoja na prednisoloni huokoa mafigo zaidi ya prednisoloni peke yake. Na tena hupewa haidroksiklorokini, ndugu mpole wa klorokini. Wazee wanaikumbuka Nivaquine na uchungu wake. Kongo iliacha kuitumia klorokini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini katika lupusi ukoo huu wa dawa bado ni rafiki mkubwa, na mgonjwa asiache kuinywa kwa kudhani amepewa dawa ya malaria kwa makosa. Macho yapimwe akiitumia miaka mingi.

Sasa nitasema habari za mama mwingine, na ningependa kutoisema.

Alikuwa mke wa shemasi, naye alianza prednisoloni mapema kuliko dada wa kwaya. Baada ya majuma sita uvimbe wa miguu ulikwisha. Lakini dawa ile huleta njaa, huufanya uso kuwa wa mviringo kama mwezi mpevu, na yeye hakupenda kujitazama katika kioo. Kukawa na mkutano wa injili, na mhubiri mgeni akasema kwamba imani inayoshika kidonge mkononi si imani. Mama yule akasimama, akatembea mpaka mbele, akatia pakiti yake ya vidonge katika kikapu cha sadaka. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la mbele, nami nilijua ni vidonge gani, nikanyamaza, kwa kuwa mhubiri alikuwa mgeni wetu na mkutano ulikuwa umejaa furaha.

Siku ya tatu aliletwa akitapika, hana nguvu hata za kuketi. Mwili uliozoea prednisoloni kwa majuma mengi huacha kujitengenezea dawa yake wenyewe ya namna ile, na ukikatiza ghafula mtu aweza kuzimia na kufa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya daktari tu. Tulimwokoa siku ile, lakini aliona haya kuanza tena vidonge ambavyo alivitoa mbele za watu wote. Uvimbe ulirudi. Kisha ikaja kwikwi isiyokoma, mwasho wa mwili mzima, pumzi yenye harufu ya mkojo, na kutweta akilala. Chekeche lilikuwa limeziba. Alikufa kabla ya mvua kuanza, nami ndiye niliyehubiri penye kaburi.

Hezekia mfalme aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na kuongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza waweke tini juu ya jipu lake. Habari hii imo katika Wafalme wa Pili sura ya 20. Nilipaswa kuisoma jioni ile kwenye mkutano. Sasa naisoma kila ninapogawa dawa.

Mambo mengine ni mafupi. Ndagala waliokaushwa kwa chumvi, na Maggi katika kila sufuria, huongeza uvimbe na shinikizo la damu. Mgonjwa apikiwe samaki wabichi, atiwe ndimu na pilipili. Shinikizo la damu lipimwe kila mwezi, na likipita 130 kwa 80 lisiachwe. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa sokoni moja moja kama peremende, huyaumiza mafigo yaliyo mgonjwa. Vivyo hivyo dawa za miti za kupiga bomba. Najua mama zetu wanazipenda, lakini nimeona mafigo mazima yakifa kwa hizo. Jua kali huuamsha ugonjwa, basi kofia na mikono mirefu shambani. Anayetumia prednisoloni akipata homa aje siku ile ile, asingoje kesho, wala asipigane nayo kwa malaria peke yake kama nilivyofanya mimi. Na kabla ya kuanza aangaliwe kifua kikuu na minyoo, maana iko minyoo ambayo askari wakitulizwa huenea mwili mzima.

Juu ya mimba, mume na mke waje pamoja. Wangoje mpaka ugonjwa utulie miezi sita walau, na dawa zibadilishwe kwanza, kwa kuwa mikofenoleti na siklofosfamidi humdhuru mtoto tumboni. Wengi huzaa vizuri. Mkwe asimwite mwanamke huyu tasa kwa sababu ya mwaka mmoja.

Dada wa kwaya huja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na mkojo wa asubuhi katika chupa iliyooshwa. Hospitali kubwa hupima ute wa siku nzima, na ukishuka chini ya gramu 0.7 mnamo mwaka mmoja tangu kuanza dawa, ni dalili kwamba mafigo yatadumu miaka mingi. Mimi sina kipimo hicho. Nina taa ya spiriti. Mwezi wa kwanza wingu lilijaa nusu ya kichupa. Jumatatu iliyopita, ambao ni mwezi wa tisa, lilikuwa jembamba kama moshi wa kiberiti kilichozimwa. Alikitazama kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Baba, limekwisha?"

Nikamwambia, "Bado, binti yangu."

Akahesabu vidonge vyake mbele yangu, akavifunga katika pembe ya kitenge, akaenda mazoezini.